Jinsi ya Kuwatofautisha Bata wa Porini Wanapokuwa Wamebadili Manyoya

Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Machi, swali hunijia kwa sura ileile. Mtu ametoka kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, au ameshinda siku nzima kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, amepiga picha ya bata mwenye rangi ya udongo asiyefanana na yeyote aliyemo kitabuni, na anataka aambiwe jina lake. Mara nyingi anayeuliza ni kijana anayesomea kuongoza watalii hapa Arusha, au mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka aliyepewa kazi ya kuhesabu ndege. Kitabu kimemwonyesha dume mwenye rangi za kuvutia na jike wa kahawia, lakini bata aliye mbele yake si huyu wala si yule. Nimejibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni afadhali niliandike jibu lote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza awe na la kufuata akiwa ukingoni mwa maji.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina. Bata wengi wa porini hawana jina moja la Kiswahili linalokubalika kila mahali, kwa hiyo hapa nitatumia majina ya kueleza, na mara ya kwanza nitaweka jina la kisayansi kando yake ili uweze kumpata katika kitabu chochote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji darubini ya mkono. Ya 8x42 inatosha kabisa. Ya 10x42 huvuta karibu zaidi, lakini mkono ukichoka picha hutikisika, na kazi hii huchosha mkono. Ukipata teleskopu ya miguu mitatu, hata ya kuazima, utaona mambo ambayo darubini haitakuonyesha, hasa kwenye ziwa la Momella Kubwa ambako bata hupenda kukaa mbali na ukingo. Chukua daftari na penseli, kwa sababu wino huchuruzika ukilowa. Chukua kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki. Kamera yenye lenzi ndefu inasaidia sana katika hatua ya bawa, nitakayoieleza mbele. Zaidi ya vyote, tenga saa mbili ambazo hukuahidi kwa mtu mwingine, kwa maana bata aliyelala hawezi kutambuliwa kwa haraka na hupaswi kumwamsha.

Machache ya kuelewa kuhusu manyoya

Ndege wengi hupukutisha manyoya ya kurukia moja moja, hivyo huendelea kuruka. Bata walio wengi huyapukutisha yote kwa pamoja. Mwili wa bata ni mzito ukilinganisha na ukubwa wa mabawa yake, na kupoteza hata manyoya machache kungemlemaza kwa muda mrefu. Kwa hiyo huyaacha yote mara moja, hukaa wiki tatu hadi tano bila kuruka, kisha humaliza.

Madume wa bata watokao Ulaya na Asia wana jambo jingine. Baada ya kuzaliana, kwenye majira ya joto ya huko, huvua rangi zao na kuvaa manyoya ya kahawia yanayofanana na ya jike. Hilo ndilo vazi linalowasumbua wanaoanza. Shika jambo moja: manyoya ya mwili ya bata hawa hubadilishwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, lakini yale ya kurukia hubadilishwa mara moja tu. Dume aliyejificha ndani ya vazi la jike bado ana bawa la dume.

Hayo yanatosha. Twende kazini.

Hatua ya 1: Andika mwezi na aina ya maji kabla ya kuinua darubini

Watu huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, kisha hupoteza saa nzima wakimfikiria bata ambaye hawezi kuwapo. Wageni wa kaskazini huanza kufika kwetu kwa wingi Oktoba na Novemba, na wengi huondoka Machi na Aprili. Ukiona bata wa kahawia mwezi Julai, anza na wenyeji, na umfikirie mgeni pale tu ambapo wenyeji wote wameshindikana.

Wenyeji nao karibu wote hawana tatizo la dume kuvaa vazi la jike. Domo-njano (Anas undulata), domo-jekundu (Anas erythrorhyncha), domo-buluu (Spatula hottentota) na bata wa magadi (Anas capensis) wana dume na jike wanaofanana sana mwaka mzima. Kwa hiyo mwezi peke yake unakupunguzia nusu ya kazi.

Kuhusu maji, ziwa la magadi na ziwa la maji baridi hayana wakazi walewale. Maziwa ya Momella, ambayo yamekaa juu ya kifusi kilichoporomoka kutoka Mlima Meru zamani, mengi yake ni ya magadi, na kila moja lina rangi yake. Bata wa magadi hupenda huko, pamoja na heroe. Ziwa Longil lina maji baridi, na huko domo-njano na domo-jekundu huwa na nafasi zaidi. Kwenye vijito vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, penye mawe na maji yaendayo kasi, bata mweusi mwenye mabaka meupe mgongoni ni Anas sparsa, na hutamkuta kirahisi katikati ya ziwa.

*Angalizo.* Aina ya maji ni dokezo na haiwezi kuwa ushahidi. Bata huruka, na mvua ikijaza madimbwi ya Nyumba ya Mungu utawakuta wa kila aina wakiwa pamoja.

Hatua ya 2: Jua liwe mgongoni mwako

Asubuhi kaa upande wa mashariki wa maji, alasiri upande wa magharibi. Ukitazama kuelekea jua, mdomo mwekundu utaonekana mweusi, mdomo wa buluu utaonekana mweusi, na uso wenye mistari utakuwa kivuli kitupu. Picha nyingi ninazoletewa zimepigwa hivyo, na kwa kweli hakuna mtu anayeweza kuzitolea jina. Katika hifadhi huruhusiwi kushuka kwenye gari popote upendapo, na nyati wa Momella hawana mzaha, kwa hiyo mwombe dereva azunguke upande wa pili kuliko kujilazimisha kusoma rangi zisizoonekana.

Hatua ya 3: Tazama anavyokula

Mpe dakika tano. Je, anapinduka, kichwa chini na mkia juu, bila kuzama? Au anazamia mwili mzima na kuibuka pengine? Wanaopinduka au kuchuja maji ya juu ni kundi moja, na hao tutawafuata katika hatua ya 4 hadi ya 6. Wanaozamia tutawashughulikia katika hatua ya 7.

Hatua ya 4: Anza na mdomo

Manyoya hubadilika, lakini umbo la mdomo halibadiliki, na kwa bata wengi wa huku hata rangi yake husalia ileile. Kwa hiyo macho yako yaende kwanza kwenye mdomo, hata kama mwili unakuvutia.

Mdomo mwekundu pamoja na kofia ya kahawia iliyokoza na mashavu meupe ni domo-jekundu. Mdomo wa waridi wenye weusi kwenye shina, juu ya kichwa cha kijivu kilichopauka kisicho na kofia yoyote, ni bata wa magadi. Hawa wawili huchanganywa kila siku, na tofauti yao iko kichwani: tafuta kofia. Mdomo wa buluu kwa bata mdogo kabisa, sentimita 30 hadi 35 hivi, mwenye kofia nyeusi na doa la giza nyuma ya shavu, ni domo-buluu. Mdomo wa njano wenye kiraka cheusi juu yake hauhitaji maelezo.

Mdomo mpana kama sepetu, mrefu kuliko kichwa, ni domo-sepetu (Spatula clypeata), mgeni wa kaskazini. Umbo hilo hulipati kwa bata mwingine wa huku, na hata akiwa katika vazi baya kiasi gani, mdomo humtangaza. Dume mzima katika vazi la kahawia mara nyingi huwa na jicho la njano na ubavu mwekundu-mwekundu kuliko wa jike. Jike kwa kawaida ana jicho la kahawia na kingo za mdomo za machungwa.

Mdomo wa kijivu ndipo penye ugumu, kwa maana unawaacha wageni wawili au watatu wanaofanana. Hapo nenda hatua ya 5.

*Angalizo.* Makinda waliokwisha kukua huwa na mdomo uliofifia. Domo-jekundu mchanga anaweza kuwa na mdomo wa waridi hafifu, lakini kofia yake ipo. Pia bata anayekula kwenye tope huwa na mdomo uliopakwa tope. Subiri anywe maji na usafike.

Hatua ya 5: Soma uso

Bata nyusi-nyeupe (Spatula querquedula) ndiye mgeni anayeleta maswali mengi kuliko wote. Sababu ni kwamba dume wake huchelewa mno kuvaa rangi. Wakati wageni wengine wameshapendeza kufikia Desemba, yeye anaweza kubaki katika vazi la jike hadi Januari au Februari, yaani sehemu kubwa ya muda anaokaa nasi. Ukimtafuta kwa ile picha ya kitabuni, ya dume mwenye upinde mweupe juu ya jicho, utamkosa ingawa yuko mbele yako.

Uso wake, jike na dume wa kahawia, una mistari. Juu ya jicho kuna mstari mweupe hafifu. Katika jicho lenyewe umepita mstari wa giza. Chini yake, shavuni, kuna mstari mwingine wa giza. Karibu na shina la mdomo kuna doa jeupe, na koo ni jeupe. Mistari miwili ya giza na doa kando ya mdomo: yakariri hayo hata ukisahau mengine yote.

Bata mkia-mshale (Anas acuta) ni mkubwa zaidi, mwenye shingo ndefu nyembamba na uso wa kahawia usio na mistari, kana kwamba umefutwa kwa kitambaa. Mdomo wake ni wa kijivu. Wa dume una kijivu-buluu ubavuni na mstari mweusi juu. Shingo na mkia uliochongoka vinaonekana hata akiwa mbali sana.

Wa tatu ni bata mdogo wa kaskazini (Anas crecca), ambaye huku kwetu ni haba, na wanaoanza humwandika mara nyingi kuliko anavyostahili. Uso wake hauna ile mistari miwili wala doa lililo wazi kando ya mdomo, na pembeni mwa shina la mkia ana mstari mdogo mweupe. Kabla hujamwandika, hakikisha umeuona mstari huo na umeliona bawa.

Hatua ya 6: Subiri bawa

Hii ndiyo hatua inayomtenganisha anayekisia na anayejua, na ndiyo inayohitaji subira.

Nyuma ya bawa la bata, karibu na mwili, kuna kiraka cha rangi kinachong'aa. Mbele ya kiraka hicho ni bega la bawa. Viwili hivi ndivyo vya kusoma. Bata aliyetulia huvificha chini ya manyoya ya ubavu, lakini hawezi kuvificha siku nzima. Akimaliza kujichambua manyoya kwa mdomo, karibu kila mara hujinyoosha: huvuta bawa moja na mguu wa upande huohuo kwenda nyuma, kisha la pili. Au huinuka juu ya maji na kupiga mabawa mara nne au tano. Ukiona bata anajichambua, usiondoe darubini. Mwenye kamera apige picha mfululizo, kwa sababu jicho halitoshi kwa tukio la sekunde mbili.

Unachotafuta ni hiki:

- Nyusi-nyeupe dume, hata akiwa wa kahawia kama jike: bega la bawa ni la kijivu-buluu kilichopauka, na kiraka ni cha kijani kati ya mistari miwili minene myeupe. Jike ana bega la kijivu-kahawia na kiraka kilichofifia, na mstari mweupe wa nyuma ndio mnene.
- Domo-sepetu: dume ana bega la buluu safi na kiraka cha kijani, wa jike ni uleule mpangilio ukiwa umefifia kuelekea kijivu.
- Mkia-mshale: bega halina buluu. Kinachoonekana ni ukingo mweupe nyuma ya bawa, ulio wazi hata kwa jike.
- Bata mdogo wa kaskazini: kiraka cha kijani, na mstari mweupe wa mbele ndio mnene kuliko wa nyuma.
- Domo-jekundu: nyuma ya bawa pote ni rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, hapana kijani. Akiruka utamjua ukiwa ng'ambo ya ziwa.
- Bata wa magadi: kiraka cha kijani kilichozungukwa na weupe mwingi.
- Domo-buluu: kiraka cha kijani chenye ukingo mweupe nyuma.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye daftari langu majike kumi na moja wa nyusi-nyeupe, wamekaa pamoja kwenye kona moja ya ziwa Rishateni. Nilikuwa na hakika, na nilikuwa nafunga daftari. Furukombe akapita chini juu ya maji, wote wakaruka, na saba kati yao wakafungua mabega ya kijivu-buluu. Walikuwa madume. Tangu siku hiyo naandika "nyusi-nyeupe, jinsia haikuonekana" kwa kila ambaye sijaliona bawa lake, nami nakushauri ufanye hivyo, hasa kama hesabu yako inaingia katika ile sensa ya ndege wa majini inayofanyika Januari. Kosa la jinsia likirudiwa ziwa baada ya ziwa, humfanya anayesoma takwimu aamini kwamba madume hawafiki kwetu.

*Angalizo kubwa.* Usiwarushe bata ili uone mabawa. Usipige makofi, usitupe jiwe, usimwambie dereva apige honi. Mgeni aliyetoka Urusi ana uzito wa kuurudisha mwilini kabla ya Machi, na mwenyeji anayebadili manyoya anaweza asiweze kuruka kabisa. Nimeona kijana mmoja akitupa bonge la udongo kwenye kundi la domo-jekundu waliokuwa wamepukutisha mabawa. Walikimbia juu ya maji wakipiga vikono visivyo na manyoya, vifupi kama vya kifaranga, wakajisukumia kwenye matete wakihema. Hakuna jina la ndege linalostahili gharama hiyo. Furukombe atapita kwa wakati wake.

Hatua ya 7: Wazamiaji wawili

Hapa nazungumzia jicho-jekundu (Netta erythrophthalma) na mkia-mgumu (Oxyura maccoa). Wote wawili hupatikana Momella, wote wanazamia, na majike yao ni ya kahawia yenye michoro meupe usoni. Huyu wa pili yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, kwa hiyo kumkosea ni hasara ya kweli.

Tazama michoro ya uso imelala vipi. Jike wa jicho-jekundu ana doa lililopauka kwenye shina la mdomo, na mwezi mwembamba mweupe unaoanzia nyuma ya jicho na kushuka kuelekea shingoni. Mchoro wake umesimama. Jike wa mkia-mgumu ana mstari mweupe unaopita chini ya jicho, kutoka mdomoni kwenda nyuma, na koo jeupe chini yake. Uso unaonekana kama una tabaka. Mchoro wake umelala. Umesimama au umelala: swali hilo moja humaliza kesi nyingi.

Kisha umbo. Mkia-mgumu ameketi chini sana majini, shingo nene, mdomo mnene kwenye shina na umepinda kwa ndani, na mkia wa manyoya magumu ambao mara huulaza juu ya maji, mara huusimamisha wima. Akiruka, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, bawa lake ni la kahawia tupu. Jicho-jekundu akiruka hufungua mstari mrefu mweupe bawani.

Sasa tahadhari inayovunja nilichosema katika hatua ya 4. Dume wa mkia-mgumu wakati wa kuzaliana ana mdomo wa buluu kali, kichwa cheusi na mwili wa rangi ya hina. Nje ya wakati huo, mwili unakuwa wa kahawia kama wa jike na mdomo unapoteza ule ubuluu na kuwa wa kijivu. Kwake yeye rangi ya mdomo hubadilika, lakini umbo lake halibadiliki. Dume huyo hujulikana kwa utosi wa giza zaidi kuliko wa jike, na ikiwa huwezi kuuona vizuri, andika jina bila jinsia.

Hatua ya 8: Tafuta unyoya mpya katikati ya ya zamani

Ukishapata jina, rudi kwenye mwili uone bata yuko wapi katika safari ya kubadilika. Hapa ndipo kazi hii inapokuwa ya kupendeza.

Februari moja kwenye ziwa Tulusia, dume wa nyusi-nyeupe alisogea hadi mita kama ishirini kutoka kwenye gari. Kichwa kilikuwa bado cha kahawia chenye mistari, lakini juu ya jicho weupe ulikuwa umeanza kujaa, umekatika katikati, kama mstari wa chaki uliochorwa na mkono uliositasita. Begani, juu ya manyoya mafupi yaliyochakaa, ulilala unyoya mmoja mrefu uliochongoka, mweusi, wenye mfupa mweupe katikati, mpya kabisa. Ubavuni kulikuwa na kiraka cha kijivu cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, chenye mistari myembamba kama uzi. Vyote vingine vilikuwa vazi la jike. Bata kama huyo hayumo katika picha ya kitabu, lakini kila sehemu yake inaeleweka ukijua kwamba anatoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo tafuta vitu vitatu: weupe unaojitokeza juu ya jicho, manyoya marefu ya begani, na viraka vya rangi safi ubavuni. Kwa domo-sepetu dume, tafuta hilali iliyopauka mbele ya uso, kati ya mdomo na jicho; huonekana wakati anabadilika na huwashangaza wengi. Manyoya mapya yana kingo kamili na rangi nzito. Ya zamani yamepauka na kuliwa kingo.

Hatua ya 9: Asiyeruka

Ukimwona bata ambaye mgongo wake unaonekana mfupi, ncha za mabawa hazifiki kwenye mkia, na akishtuka anakimbia juu ya maji bila kuinuka, yuko katika kipindi cha kupukutisha manyoya ya kurukia. Mara nyingine, akijinyoosha, utaona vijiti vya buluu-kijivu mahali pa manyoya: ni manyoya machanga yaliyo bado ndani ya ala zake.

Sasa fikiri. Nyusi-nyeupe, domo-sepetu na mkia-mshale humaliza kupukutisha mabawa huko kaskazini kabla ya kusafiri, la sivyo wasingefika. Basi bata mzima wa afya asiyeweza kuruka, akiwa Momella mwezi wa Novemba, ni mwenyeji. Umewaondoa wageni wote kwa hoja moja, bila kuona hata mdomo. Hakikisha tu kwamba si mgonjwa wala majeruhi: anayepukutisha huwa amepungukiwa mabawa yote mawili sawasawa, na mara nyingi yuko na wenzake wa hali hiyohiyo karibu na matete.

Hatua ya 10: Andika papo hapo

Andika ulichoona kwanza, jina baadaye: mdomo, uso, bega la bawa, kiraka, namna ya kula, wenzake aliokuwa nao. Chora hata kama huwezi kuchora. Ukianza na jina, utaona vile ambavyo jina linataka uone.

Ukikwama

*Bata amelala na mdomo umefichwa mgongoni.* Hesabu wenzake walio macho na usubiri. Usimpe jina la jirani yake, kwa kuwa bata wa aina mbalimbali hulala pamoja.

*Bawa halikuonekana kabisa.* Uso unatosha kwa jina la nyusi-nyeupe, na mdomo unatosha kwa domo-sepetu. Kinachokosekana ni jinsia tu. Kwa bata mdogo wa kaskazini bawa ni la lazima.

*Rangi za bawa hazilingani na lolote nililoorodhesha.* Angalia picha tena kama ilipigwa kinyume cha jua. Kiraka cha kijani huonekana cheusi, hata cha zambarau, kulingana na pembe ya mwanga. Mistari myeupe ndiyo isiyodanganya.

*Ni bata mrefu wa miguu, amesimama wima ukingoni, anapiga mluzi.* Huyo ni bata miluzi, na hayumo katika mafumbo ya juu. Lakini bata miluzi mchanga wa uso mweupe (Dendrocygna viduata) ana uso wa rangi ya mchanga badala ya weupe, na wakubwa nao uso wao huchafuliwa na tope, hata watu humwita yule mwenzake wa rangi ya hudhurungi (Dendrocygna bicolor). Tazama ubavu: wa hudhurungi ana manyoya marefu ya rangi ya krimu yaliyopangwa ubavuni, na akiruka ana hilali nyeupe juu ya mkia. Mwenye uso mweupe hana hilali hiyo.

*Hafanani na chochote, na ni mkubwa wa mwili.* Uko karibu na makazi? Bata wa kufugwa wa Tengeru na Usa River huogelea kwenye mabwawa yaleyale na wa porini. Viraka vyeupe visivyolingana kulia na kushoto, mwili mzito nyuma na kutoogopa watu ni dalili zake.

*Umefanya yote na bado hujui.* Andika "bata, hakutambulika", weka maelezo na picha, na urudi wiki mbili baadaye ukiweza. Wakati wa Januari na Februari wiki mbili ni nyingi kwa bata anayebadilika, na yule uliyemwacha bila jina kwenye kona ileile ya ziwa huenda ukamkuta na mstari mweupe juu ya jicho.